Sensa ya Shemeji

Kipande cha ukucha kiliruka, kikatua kwenye siagi.

Bi Usafi, kama majirani walivyomwita, alikitazama. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alipandisha mguu wa pili juu ya kiti, akaendelea kukata.

"Samahani, shemeji. Zimekuwa ndefu mno."

Bi Usafi aliinyanyua siagi, akaitupa jalalani pamoja na kibakuli chake.

"Mvumilie," mumewe alisema, macho kwenye sahani. "Gari likipona ataondoka."

"Usiseme na chakula mdomoni."

Mumewe alifunga mdomo, akatafuna.

Shemeji alikuwa fundi bomba wa mji mwingine. Alipita kuwasalimu, alale usiku mmoja tu, na kulipokucha gari likagoma kuwaka pale uani. Lilikuwa gari kuukuu, lakini ndilo lililobeba vifaa vyake vyote vya kazi, hakuweza kuliacha. Fundi gari alilipima, akasema ni sensa ya kamshafti, kidude cheusi cha ukubwa wa kidole gumba kinachoiambia injini ilipue mafuta wakati gani.

"Chenyewe kidogo, mama," alisema, "ila kwa gari la umri huu, kukipata ni bahati ya mtende."

Katika kungoja, shemeji akazidi kuoza. Alisukutua kwa chai, kisha akaimeza. Alitema kohozi kwenye sinki la vyombo. Siku moja alipenga kamasi kwa pindo la pazia jeupe la sebuleni, akalichungulia kama mtu anayesoma habari za asubuhi. Ajabu ni kwamba mashati yake yalikuwa yamenyooka kwa pasi, na kitanda chake kilitandikwa bila mkunjo hata mmoja. Unafiki, Bi Usafi alijisemea. Fisi kavaa kanzu.

Mumewe hakuona lolote. "Kaa tu, bwana mdogo. Nyumba ni yako." Jioni ndugu hao wawili walikaa kwenye ngazi za nyuma wakicheka, mpaka Bi Usafi alipotokea kuuliza ni nani aliyekalia ngazi bila kutandika gazeti.

Mwishowe aliamua kuitafuta sensa mwenyewe.

Muuza spea mpya alicheka gari lilipotajwa. Muuza spea za mtumba alimpa moja iliyofanana na ile ya zamani kama pacha, lakini soketi ya waya ikakataa kuingia. Ndipo akaenda kwenye uwanja wa magari chakavu, glavu mikononi, leso puani. Gari la aina ileile lilikuwa limezama kwenye matope yenye oili. Alipoinua boneti, harufu ilimpiga kofi. Panya alikuwa amefia juu ya injini, amevimba, mdomo wazi, na sensa ilikuwa chini ya tumbo lake.

Mwenye uwanja, aliyekuwa akila ndizi, alijitolea kusaidia.

"Kwa mikono hiyo? Hapana. Naitoa mwenyewe."

Alibana pumzi. Alimsukuma panya kwa spana. Ngozi ikabaki imenata kwenye chuma. Akafungua bolti. Alitapika alipofika getini, lakini sensa ilikuwa mkobani.

Fundi aliiosha kwa petroli mpaka ikang'aa, akaifunga. Injini ikanguruma. Shemeji nusura alie. Alikimbilia begi lake, na begi lilikuwa tayari limefungwa.

"Subiri kesho," mumewe alisema, akimshika bega. "Giza linaingia. Mimi ni kaka yako, nisikilize."

Mdogo mtu aliinamisha kichwa.

Asubuhi gari halikuwaka.

Fundi aliitwa. Aliichomoa sensa, akaigeuzageuza, akamvuta Bi Usafi kando. "Mama, hii siyo. Hii ni ile mbovu ya kwanza. Kuna mtu ameibadilisha."

Hakuhitaji kutajiwa jina. Mtu anakula bure, analala bure, haraka ya nini? Alimwomba fundi afunge mdomo, naye akaufunga wake. Siku nzima alimtazama shemeji akichokonoa meno kwa uma. Alijikuta karibu anatabasamu. Siku za mwizi ni arobaini.

Kesho yake, kukipambazuka, alisikia boneti ikilia uani. Alitoka bila hata kuvaa ndala.

Shemeji alikuwa ameinama juu ya injini, spana mkono mmoja. Katika mkono wa pili ilimeremeta sensa ya panya.

"Nimekukamata!" Bi Usafi alifoka. "Kupe wewe! Nimeshika mizoga kwa ajili yako, kumbe unaliua gari mwenyewe ili uendelee kutuchafulia nyumba!"

Shemeji hakukimbia. Aliichomeka sensa mahali pake, akakaza bolti, akajifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa safi.

"Punguza sauti, shemeji, tafadhali. Atasikia."

"Nani?"

"Kaka. Nimeikuta mfukoni mwa koti lake, nairudisha. Zile kucha, yale makohozi, nilifanya makusudi ili wewe unifukuze, maana yeye hataki kuniachia." Alikwepa macho yake. "Kila nikiaga ananishika mikono, analia. Ananisihi nisimwache peke yake na wewe."