Mkono wa Chitanda

Uligeuza uso, wewe uliyekaa jukwaani, siku Mbaruku alipoburutwa nje ya uwanja wa besiboli kama gunia. Miaka yote alilinda kituo cha pili huku goti lake likifungwa bendeji ili mwamuzi asione uvimbe, nawe ukishangilia na kumenya karanga. Goti lilipokufa kabisa, timu ikamfanya kocha wa wapigaji.

Leo, mechi ikikaribia kuanza, mpigaji wake, Chitanda, amekuja na kifundo cha mkono kilichovimba kama kiazi.

"Mwalimu, hata kijiko sishiki. Gongo la kupigia mpira nitalishikaje?"

Bwana Zahoro, mwenye timu, akamtupia Mbaruku bendeji. "Mfunge! Wewe si ulicheza na goti bovu?"

"Nilicheza, bwana. Hebu nitazame ninavyotembea."

"Usinililie hapa! Mfunge, au vua kofia ya timu yangu ukauze maji getini."

Mbaruku akaanza kufunga. Alipokaza, Chitanda aliuma mdomo akanyamaza, vilevile kama yeye alivyokuwa akinyamaza zamani. Mikono ya kocha ikasita. Akaifungua bendeji yote, akavua kofia, akaiweka miguuni pa Zahoro. Kisha akamshika Chitanda kiwiko, akachechemea naye hadi katikati ya uwanja, akauinua ule mkono uliovimba mbele ya jukwaa zima.

Bado ameuinua, na goti lake linatetemeka. Weka karanga chini, wewe! Usingoje jirani yako aanze. Simama sasa hivi, ushuke uwanjani.