Zege Lisiloshika

Nyundo ya Flaviana ilisema ko, ko, ko, kisha ikasema bu. Aliirudia. Bu. Chini ya zege kulikuwa na uwazi, palepale, kwa mara ya pili.

Zege jipya la barabara lililomwagwa juu ya lile la kale lilitakiwa lidumu miaka ishirini. Hapa kwenye mteremko wa Ruvu halikufikisha hata miezi minne. Likabomolewa, likamwagwa tena, na sasa limeachia tena. Kwingine kote lilikuwa limeng'ang'ania kama kupe.

Wafugaji wa Magindu hawakuhitaji injinia. Walisema ni yule kijana wa bodaboda aliyesagwa hapo na lori mwaka juzi, hataki kufunikwa. Flaviana aliposikia hayo aligeuza uso. Yeye ndiye mkaguzi, na ripoti yake ilitaka jina la mtu aliye hai.

"Shikamoo, mzee Masanja."

"Marahaba, mama." Fomani alikuwa amevua kofia. Alijua kwamba ripoti ya leo ndiyo itakayomfukuzisha kazi. "Nilifagia kwa mkono wangu, nikapuliza kwa kompresa. Halikubaki hata vumbi. Ukaja alfajiri, ukakagua peke yako kama kawaida yako, tukafunga utepe. Baada yako hajakanyaga mtu, hata mbuzi!"

"Kuna kitu kilibaki, mzee. Kikiwa na upana wa kisahani tu, malori yanamalizia."

"Labda huyo marehemu…"

"Marehemu mwache apumzike!"

Sauti ilimtoka kwa ukali asioukusudia, mzee wa watu akarudi nyuma. Flaviana alimhurumia sana. Miaka thelathini ya jua na lami, halafu aondoke kwa aibu! Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na waliolisafisha zege hili ni Masanja na vijana wake. Akaandika jina lake kwenye fomu. Ikabaki sahihi.

Mashine ikatoboa. Kipande cha zege kikatoka kizima, mviringo kama chupa ya chai, na mkononi mwake kikaachana vipande viwili bila hata kuvutwa. Katikati palikuwa na utando mweupe, mwembamba kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Akaukwangua kwa ukucha, ukajikunja. Akaunusa.

Nta.

Akaunusa tena, chini ya jua lile la saa nne.

"Umeona nini, mama?" Masanja aliuliza.

Flaviana alipenyeza mkono mkobani kutafuta leso, ukakutana na mshumaa mpya, wa leo, wa kumwashia Sixtus mwanawe hapo bodaboda yake iliposagwa. Ile miwili ya alfajiri zile mbili za ukaguzi aliizima mwenyewe, akaikwangua kwa kisu juu ya zege la kale, mpaka akaamini hakikubaki kitu.