Tangi la Chini

Tumbawe la tatu lilipauka Jumatatu saa nne asubuhi. Yordani alibandika paji la uso kwenye kioo. Lililokuwa la zambarau jana sasa lilikuwa jeupe kama chokaa, na samaki wawili wa rangi ya chungwa walikuwa wakihema juu juu, midomo nje ya maji.

"Maji yameshiba uchafu," alisema.

"Watafika Alhamisi wakiwa hai?" aliuliza Afande Yusta.

"Kwa hali hii? Hata keshokutwa hawaioni."

Tangi hilo lilikamatwa Kabuku, ndani ya gari la mizigo lililokuwa likielekea Dar es Salaam na matumbawe yaliyong'olewa baharini kinyume cha sheria. Likaletwa Korogwe, likawekwa kwenye stoo ya kituo cha polisi. Picha hakimu alishazikataa. Alitaka kuyaona matumbawe yakiwa hai, kwa macho yake, siku ya Alhamisi. Yakifa, kesi nayo imekufa. Na pale mjini hakuna aliyeyajua matumbawe isipokuwa Yordani. Ndipo wakamleta.

Yordani alitaka tangi la pili, likae chini ya lile la kwanza. Yusta akatafuta pipa la plastiki. Msumeno aliushika yeye mwenyewe; Yordani alionyesha kwa kidole pa kukata. Wakaligawa pipa kwa kipande cha plastiki na gundi: upande huu pampu, upande ule mwani. Dereva alitumwa Tanga, akarudi na madumu sita ya maji ya bahari na ndoo ya mwani mbichi. Yordani akautandaza, akauwashia taa. Maji machafu yangeshuka kwa bomba, mwani ungekula uchafu, na pampu ingeyarudisha juu yakiwa safi.

Jumanne mchana kaka yake, Simeo, alimletea wali na maharage. Alisimama mlangoni akimtazama mdogo wake aliyelowa hadi kifuani.

"Waache wafe, Yordani. Nakuomba. Mfikirie mama."

"Samaki wametaga, kaka. Njoo uone, nyuma ya jiwe pale."

Simeo hakwenda kuona. Aliweka chakula chini, akaondoka akijifuta machozi.

Saa nane umeme ukakatika. Pampu ilinyamaza, na maji ya juu yakaanza kurudi chini kupitia bomba lilelile yalilopandia. Pipa likajaa, likafurika, mwani ukaelea sakafuni.

"Afande, msumari! Upashe moto!"

Yusta alikimbilia jikoni kwa mama ntilie, akarudi ameukamata msumari mwekundu kwa koleo. Yordani akamwonyesha pa kutoboa, juu kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji. Maji yaliposhuka kufikia tundu, hewa ikaingia, mtiririko ukakatika.

Lakini pampu haikuwaka. Wale samaki walilala ubavu. Yordani akachukua kopo, akawa anachota maji na kuyamwaga kutoka juu, yaingie na hewa. Akachota. Akamwaga. Chumvi ilimchoma kwenye mikato ya vidole. Saa kumi Yusta alimwambia apumzike, hakusikia. Alikuwa akiwaita wale samaki kama mtu anayebembeleza mgonjwa. Umeme uliporudi saa kumi na moja na nusu, mkono wake ulikuwa haukunjuki tena.

Alhamisi hakimu alikuja mwenyewe hadi stoo, karani nyuma yake. Mwani ulikuwa umeshamiri chini ya taa. Juu, matumbawe mawili yalikuwa yamefunguka, yakipunga taratibu ndani ya maji meupe. Hakimu aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni kweli, yako hai," alimwambia karani. "Andika kielelezo kimepokelewa."

Kisha akavua miwani, akageuka.

"Mshtakiwa yuko wapi?"

Yordani alifuta mikono kwenye suruali, akasogea mbele.

"Niko hapa, Mheshimiwa."