Leseni ya Vitumbua

Binti wa manispaa aliniamkia shikamoo, akaketi jikoni kwangu na kuniuliza ni nini kilichonisukuma kufungua biashara nikiwa na miaka sitini na saba. Alitaka niseme ndoto.

"Ndoto gani, mwanangu? Nilitaka kuwasha jiko langu!"

Kwani hajui? Ukitimiza sitini na tano, jiko linakukataa. Ukilibonyeza linakuambia kwa upole, "Pumzika, bibi, chakula kinaletwa." Na kinaletwa kweli: uji, na mboga zisizo na chumvi, kama vile tumelazwa wodini. Mikono hii imepika miaka hamsini! Kwa umri huu jiko linamtii mwenye leseni ya biashara tu, ndiyo maana nauza vitumbua. Mtaa mzima wazee tumefungua vibanda, na hao manispaa wanaandika eti tuna ari.

Binti akaandika: ari.

Mume wangu, Shekue, alikuwa mezani akila kitumbua cha kwanza. Tangu tuoane hicho ni chake, aonje kama sukari imekolea. Yeye hana leseni, kwa hiyo nimemsajili kuwa mteja, la sivyo mlango wa jikoni haumfungukii.

Ilipofika saa kumi jioni jiko likazimika, likatangaza: "Muda wa biashara umekwisha. Wateja watoke."

Nikalitukana matusi ambayo binti yule hakuyaandika. Shekue akajifuta mdomo, akachukua fimbo yake. Mlangoni akageuka, mume wangu wa miaka arobaini na mitatu, akaniuliza taratibu:

"Kesho mnafungua saa ngapi?"