Farasi Aliyenyolewa Ubavu Mmoja

Kwenye nyanda za juu zenye baridi paliondokea Farasi asiyejua kutulia. Baridi ilipopungua, alibaki na manyoya yake mazito, na akikimbia kidogo tu jasho lilimtiririka. Akamwita Tumbili, kinyozi, aje amnyoe nyumbani.

"Simama vizuri, bibie, mkasi huu ni mkali," Tumbili akasema.

"Si nimesimama! Fanya haraka," akajibu Farasi, huku kwato zikimcheza.

Tumbili akamaliza ubavu wa kulia. Alipogusa wa kushoto, Farasi alishindwa kungoja. Akachomoka mbio hadi mtoni, akanywe maji na akasifiwe na wanyama wenzake.

Na kweli, waliomwona kwa kulia walimsifu. Wa kushoto waliangua kicheko. Farasi akageuka kuuficha ubavu wenye manyoya, wale wa ng'ambo nao wakauona, wakacheka. Akageuka tena na tena, na maji hajayaonja.

Kondoo akaja akasimama ubavuni pake.

"Kunywa, dada. Wakicheka, watucheke sote wawili."

Farasi akanywa mpaka kiu ikamwisha. "Mbona wewe hunicheki?"

"Mara yangu ya kwanza kunyolewa, nilitoroka nikiwa nimenyolewa nusu mgongo."

Wakarudi pamoja nyumbani, Tumbili alikokuwa akingoja. Farasi akaomba radhi, Kondoo akamwegemea, na mkasi ukaanza kulia upya.

"Haya, bibie, tumemaliza," Tumbili akasema baadaye.

Farasi alikuwa amelala fofofo, wima vilevile.