Kikombe cha Kwapani

Kitu cha kwanza alichokiona Mwanaidi, mfagiaji wa maabara, ni jinsi mwalimu alivyobana kikombe kidogo kwapani, kama kuku aliyeatamia yai.

"Mbegu za kiume zikipoa zinalegea," mwalimu aliwaambia wanafunzi wake. Kisha akamwona. "Njoo utazame, dada."

Mwanaidi aliinamia hadubini. Zilikuwa nyingi kama viluwiluwi dimbwini, zote zikikimbia. Akasahau ufagio.

Mwalimu akabadilisha kioo, akaweka chenye mbegu za mwanamume mwingine. Yakaonekana maji matupu.

"Hapa ziko wapi, mwalimu?"

"Huyu hana hata moja. Na ni mwanamume mwenye nguvu zake."

Mwanaidi hakuinua uso. Kwa miaka saba mawifi zake walikuwa wakimwita mgumba.

"Kumbe," alisema, na darasa zima likasikia, "huenda si mimi."