Kiti cha Nyuki

Hebu wanangu, mfikirieni Kiboko, bosi wa duka la asali, akizunguka kila asubuhi kukagua viti. Kiti cha Fisi kilivishwa koti huku mwenyewe akinywa supu kwa mama lishe, na Kiboko akiliona koti aliridhika. Kiti cha Nyuki kilikuwa kitupu siku zote.

"Dada Nyuki, kesho nisipokukuta kitini, kazi huna."

"Lakini mzee, kazi yangu..."

"Kazi ni kuonekana."

Nyuki alikuwa na watoto wa kulisha, basi akatii. Alikaa kitini siku saba, mikono mapajani, akisalimia wapita njia. Kiboko akamsifu mbele ya wote.

Siku ya nane wateja walijaa dukani, na mitungi yote ilikuwa mikavu.

"Nyuki, asali iko wapi?"

"Iko kwenye maua, mzee. Mimi niko hapa, kama unavyoniona."

Wateja wakacheka. Kiboko akamfungulia dirisha kwa mkono wake.

"Nenda, dada. Tafadhali."

"Na kitini atakaa nani?"

"Nitakaa mimi," alisema Kiboko. "Ndiyo kazi ninayoiweza."

Nanyi mkija kuwa wakubwa wa watu, nawaomba mkumbuke hili moja: ulizeni asali kabla ya kuuliza kiti.